Nilichojifunza kwa kubeba boksi na nyongeza ya serikali

Mwaka 2024, saa yangu moja ya ziada kazini iliniachia mkononi pauni 3 na peni 71. Mwajiri alilipa pauni 11.44, kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mwaka ule. Kodi ya mapato ilichukua asilimia 20 na mchango wa bima ya taifa asilimia 8, zikabaki pauni 8.24. Halafu Universal Credit, ile nyongeza ambayo serikali inampa mwenye kipato kidogo, ikapungua kwa asilimia 55 ya hicho kilichobaki. Chukua simu upige hesabu mwenyewe, utafika hapo hapo. Nauli ya basi, enzi hizo ilipokuwa imewekewa ukomo England nje ya London, ilikuwa pauni 2 kwenda na pauni 2 kurudi. Kwa hiyo aliyepigiwa simu jioni aende kuziba pengo la saa moja, alikwenda kazini kwa hasara.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu maneno juu ya jambo hili nimeyasikia mengi, na hesabu chache sana. Tukikutana huku, iwe harusi au arobaini, pilau ikishaliwa hapakosi wa kusema kwamba hela za serikali zimewalemaza watu, na hapakosi wa kumjibu kwamba bila hizo hela mama fulani angekuwa analala stendi. Mimi nimeishi hali zote mbili katika mji ule ule, kwa kazi ile ile. Nimefanya kazi miaka mingi bila senti ya serikali, kisha nikafanya kazi nikiwa nayo. Wanaojua pande zote mbili ni wachache kidogo, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Nilifika Reading, mji ulioko magharibi ya London, mwaka 2014, nikimfuata mume. Binti yangu alizaliwa mwaka uliofuata. Ndoa haikudumu, na hilo tuliache hapo. Kibali changu cha kuishi kilikuwa na mstari mmoja ambao kila mhamiaji wa huku anaujua kwa moyo: mwenye kibali hiki haruhusiwi kupokea fedha za umma. Maana yake hakuna nyongeza ya mshahara, hakuna msaada wa pango, hata ile posho ya mtoto ambayo Mwingereza anaichukua bila kufikiri haikuhusu. Unafanya kazi, unalipa kodi kama wengine, na ukikwama unajua mwenyewe.

Basi nikafanya kazi. Alfajiri nasafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika, jioni nakwenda majumbani kwa wazee. Ile ndiyo kazi ambayo nyumbani wanaitania kwenye mitandao kuwa ni kuosha wazee, na sisi wenyewe tunaiweka kwenye kapu moja na kazi zote za huku tunazoziita kubeba boksi. Ratiba iko kwenye simu: dakika 15 kwa huyu kumpa dawa, dakika 30 kwa yule kumwogesha na kumtengenezea chai. Kampuni niliyokuwa nayo haikulipa muda wa njiani kati ya nyumba na nyumba, kwa hiyo siku inaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri na kwisha saa nne usiku, na malipo yakawa ya saa saba au nane. Kima cha chini mwaka 2016 kilikuwa pauni 7.20. Mtoto alikaa kwa mama mmoja wa Kipemba, mtaa wa nyuma ya Oxford Road, aliyekuwa akimlea pamoja na wajukuu zake. Tulikaa chumba kimoja, jiko la kuchangia na watu wengine.

Niseme jambo ambalo wapinzani wa nyongeza watalipenda. Kipindi kile kila saa niliyoongeza niliiona. Nikipata shifti ya Jumapili, ilikatwa kodi ikiwa ilinipitisha kiwango, lakini iliyobaki ilikuwa yangu yote. Jasho na hela vilikuwa vinaandamana. Nilikuwa naweza kusema: wiki hii nimejikamua, wiki ijayo nitanunua viatu vya mtoto. Ukiniuliza kama bidii ililipa, kwa maana hiyo, ndiyo, ililipa.

Ila sikuwahi kuwa maskini kama nilivyokuwa katika miaka ile ya kufanya kazi sana. Saa zilikuwa nyingi lakini zote ziliishia kwenye pango, nauli na chakula, na mwili ulikuwa haupumziki. Kuna kozi za usiku zilitangazwa bure kabisa kwenye maktaba ya mji. Nilipita mlangoni mwake kila siku nikiwahi basi. Mtu anayefanya kazi mbili hana hata muda wa kutafuta kazi ya tatu iliyo bora kuliko hizo mbili.

Ukaazi wa kudumu niliupata mwaka 2021. Wenzangu wakaniambia, sasa nenda kaombe Universal Credit, ni haki yako. Sikuwa na haya juu ya hilo, nilikuwa nimeshalipa kodi miaka yote ile. Maombi ni ya mtandaoni. Unafungua ukurasa wako, unajaza, unakwenda kuthibitisha kitambulisho, halafu unasubiri wiki tano hela ya kwanza itoke. Wiki tano ni nyingi kwa mtu asiye na akiba, kwa hiyo wanatoa mkopo wa kuanzia ambao unakatwa kidogo kidogo kwenye malipo yako hadi miezi 24. Ndivyo wengi wetu tunavyoanza: msaada unaanza na deni.

Nilifika kwenye karamu watu wanakunja majamvi. Wakati wa Uviko serikali ilikuwa imeongeza pauni 20 kwa wiki kwenye Universal Credit tangu Aprili 2020. Nikazionja miezi michache tu, Oktoba 2021 zikaondolewa. Mwezi huo huo, tarehe 27, Rishi Sunak akiwa waziri wa fedha alitangaza kwenye bajeti kwamba kiwango cha kukata kingeshuka kutoka asilimia 63 hadi 55. Kabla ya 2017 kilikuwa 65. Wale ambao hawana kazi walipoteza pauni 20 na hawakupata kitu; sisi tulio kazini tulirudishiwa kwa mlango mwingine. Serikali ilisema wazi nia yake: bidii ilipe.

Je, ililipa? Nieleze mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa mtu kama mimi mwaka 2024: mama mmoja, mtoto mmoja, nyumba ya kupanga. Kwanza wanapiga hesabu ya kile ambacho ungepata usingekuwa na mshahara kabisa: pauni 393.45 kwa mwezi zako wewe, pauni 333.33 za mtoto aliyezaliwa kabla ya Aprili 2017, na sehemu ya pango. Halafu wanatazama mshahara wako. Pauni 404 za kwanza za mwezi haziguswi, kwa kuwa una mtoto. Zinazozidi hapo, kila pauni inayoingia mfukoni inakupunguzia peni 55 za nyongeza.

Kwa kima cha chini, pauni 404 ni kama saa 8 kwa wiki. Hizo ni zako zote, kila saa pauni 11.44. Kuanzia saa ya 9 mpaka kama ya 21, kila saa inabaki pauni 5.15. Ukivuka hapo unaingia kwenye kodi, na kila saa inakuwa ile pauni 3.71 niliyoanza nayo. Ukiongeza saa 10 kwa wiki, kutoka 25 hadi 35, unaleta nyumbani pauni 37. Hapo hujatoa nauli, wala hujamlipa mtu wa kukaa na mtoto.

Mfumo huu unakusukuma kwa nguvu uingie kazini, kisha ukishaingia unakusukuma kidogo sana uendelee. Mtu aliyekuwa hana kazi akapata kazi ya saa 20, hali yake inabadilika kweli kweli. Mtu wa saa 25 anayejitutumua mpaka 40 anabadilisha zaidi uchovu wake kuliko mfuko wake. Wanasiasa wakisimama kusema kazi inalipa, wanazungumzia yule wa kwanza. Jirani akisema kazi hailipi, anamzungumzia wa pili. Wote wawili wanasema kweli na ndiyo maana ubishi hauishi.

Wa kunifungua macho zaidi alikuwa kijana mmoja wa Bungoma tuliyefanya naye kazi. Kuna wagonjwa wanaohitaji wahudumu wawili kwa pamoja, wa kuinuliwa kitandani kwa mashine, na yeye alikuwa na gari, kwa hiyo tulipangwa pamoja mara nyingi. Alikuja 2022 kwa kibali cha wafanyakazi wa huduma za afya, mlango ambao mwaka ule ulifunguliwa kwa wahudumu wa wazee na ambao Julai 2025 ulifungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Kibali chake kina mstari ule ule niliokuwa nao mimi zamani. Mke na watoto wako Bungoma.

Siku moja tukiwa tumeegesha, tunasubiri muda wa mgonjwa ufike, akaniuliza, "Dada, kwani wewe saa 25 zinakutosha aje? Mimi nikikosa ovataimu wiki moja tu, kule nyumbani simu hazilali."

"Zinanitosha kwa sababu serikali inajazia, mdogo wangu."

"Wacha! Yaani mimi nafanya 60, wewe 25, na tunaishi sawa?"

Nikampigia hesabu pale pale nyuma ya karatasi ya ratiba. Ukijumlisha nyongeza yangu pamoja na sehemu ya pango, hela zilizopita mikononi mwetu kwa mwezi kwa kweli hazikupishana sana. Akanyamaza kidogo. Nikaona anaumia, na haki yake. Ndipo nikamwonyesha upande wa pili: saa yake ya ziada inambakizia pauni 8.24, yangu pauni 3.71.

"Kwa hivyo wewe unakatwa kuliko mimi?"

"Kila saa, ndiyo."

"Na bado ni afadhali kuwa wewe."

Hapo alisema yote. Yeye ndiye ambaye bidii inamlipa kwa kila saa, na yeye ndiye aliyekuwa analala kwa muda wa saa nne tu kila usiku na kusinzia kwenye taa za barabarani. Mimi ambaye saa ya ziada hainilipi, nilikuwa nyumbani saa kumi jioni nikikagua hesabu za mtoto. Ukipima mpango kwa swali moja tu, kama unampa mtu sababu ya kuongeza saa, kijana wa Bungoma ndiye raia bora. Ukipima kwa kuuliza watu hawa watakuwa wapi miaka mitano baadaye, jibu linageuka. Naamini swali la pili ndilo lenye uzito, ingawa wizara za fedha zinapenda la kwanza kwa sababu linaingia kwenye jedwali.

Kuna mambo hayaonekani kwenye ile asilimia 55, na ndiyo yaliyonisumbua kuliko asilimia yenyewe.

La kwanza ni chakula cha shule. England, mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo anakula bure bila kuulizwa. Akivuka hapo, mtoto wa mzazi anayepata Universal Credit anakula bure iwapo tu mshahara wa mzazi baada ya kodi hauzidi pauni 7,400 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa 2018, na mishahara ikapanda huku chenyewe kimekaa pale pale. Hapa hakuna asilimia. Anayeomba akiwa amepita hata pauni moja, hapati chakula chochote. Kazini kwetu kulikuwa na dada mmoja mwenye watoto watatu aliyekuwa anahesabu saa zake kama mtu anayehesabu vidonge vya sumu, asipite mstari. Bosi alimwona mvivu. Kwa hesabu yake alikuwa na akili kuliko bosi. Juni 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 watoto wote wa familia zenye Universal Credit watakula bure, na binafsi naona huo uamuzi utafanya zaidi kwa bidii ya akina mama kuliko hotuba zote.

La pili ni tarehe ya mshahara. Universal Credit inahesabu kwa mwezi, kutoka tarehe fulani hadi tarehe kama hiyo mwezi unaofuata. Kampuni nyingi za huduma kama yangu zinalipa kila wiki nne. Mwaka una mishahara 13 na miezi 12, kwa hiyo lazima mwezi mmoja uangukiwe na mishahara miwili. Mashine inaona umetajirika ghafla, na nyongeza ya mwezi huo inashuka. Kwa saa zangu 25, pungufu ni karibu pauni 600. Na inashuka baadaye, wakati ule mshahara wa pili umeshakula pango. Mwaka 2020 akina mama wanne walishinda kesi Mahakama ya Rufaa juu ya jambo la kufanana na hili, lakini wao walikuwa wanalipwa kwa mwezi, na kanuni zilizorekebishwa baada ya hapo ziliwahusu wa namna yao. Sisi wa wiki nne tumebaki hivyo hivyo. Kila mgeni ninayemsaidia kujaza fomu namwambia: tafuta kwenye kalenda mwezi wenye mishahara miwili, na ule wa pili uufiche hata kwa nafsi yako.

La tatu ni malezi. Wanakurudishia asilimia 85 ya gharama za kumlea mtoto ukiwa kazini, ambayo kwa maandishi ni neema kubwa. Lakini kituo au mlezi awe amesajiliwa. Yule mama wa Kipemba, aliyemfundisha binti yangu kusema shikamoo na kula kwa adabu, mbele ya serikali hayupo. Nikampeleka mtoto klabu ya baada ya shule, na hapo kanuni ya wakati huo ilikuwa ulipe kwanza mwenyewe, upeleke risiti, urudishiwe. Mtu anayesaidiwa kwa sababu hana hela anatakiwa aanze kwa kuwa na hela. Tangu Juni 2023 anayeanza kazi au anayeongeza saa anaweza kulipiwa mapema, mimi nilishavuka.

Pango silitaji kwa undani, maana nitachafua maandishi kwa hasira. Niseme tu kwamba kiwango cha juu cha msaada wa pango kilisimamishwa tangu Aprili 2020 mpaka Aprili 2024 huku wenye nyumba wa Reading wakipandisha, na sehemu kubwa ya nyongeza yangu haikuwahi kulala kwangu hata usiku mmoja. Ilipita kwenda kwa mwenye nyumba.

Kati ya wazee niliowahudumia Caversham, ng'ambo ya mto Thames, mmoja alikuwa mwalimu wa historia mstaafu. Macho yalikuwa yamekwisha lakini mdomo haukuchoka. Nilipomweleza mashine hii huku namfunga vifungo vya shati, akacheka akasema hii si mpya, ilianzia jirani tu hapa. Ndipo nikasikia habari za Speenhamland. Ni mahali karibu na mji wa Newbury, mwendo mfupi wa treni kutoka Reading. Mei 1795, mkate umepanda bei kwa vita na mavuno mabaya, mahakimu wa jimbo la Berkshire walikutana kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Pelican. Walikubaliana kwamba mkate mkubwa ukiuzwa shilingi moja, kibarua apate shilingi tatu kwa wiki, na nyongeza ya shilingi moja na nusu kwa mke na kwa kila mtoto. Mshahara usipofika hapo, parokia, ambayo enzi hizo ilikuwa kama serikali ya kijiji, ijazie. Bei ya mkate ikipanda, kiwango kinapanda nacho.

Waliokuja baadaye walisema mpango ule uliwafanya wakulima wakubwa washushe mishahara, kwa kuwa walijua parokia itaziba, na kwamba uliwalemaza vibarua. Sheria ya 1834 ikaukata, na maskini wakaelekezwa kwenye nyumba za kazi, ambazo zilifanywa mbaya kwa makusudi ili mtu aogope kuziingia. Mzee wangu alisema wanahistoria wengi sasa wanaitilia shaka ile ripoti iliyoleta sheria hiyo, kwamba waandishi wake walijua jibu kabla ya kuuliza. Kisha akaniuliza, "Na wewe bosi wako anajua kwamba serikali inakujazia?"

Anajua. Wote wanajua. Nilimsikia meneja akimwambia mfanyakazi mpya kwa sauti ya upole kabisa kwamba saa ni chache lakini unaweza kuomba Universal Credit. Ile nyongeza ilikuwa imeshaingia kwenye hesabu zake kama sehemu ya mshahara wetu. Tofauti na 1795 ni kwamba leo kuna sakafu: tangu Aprili 1999, kilipowekwa kima cha chini cha pauni 3.60 kwa saa, bosi hawezi kushuka chini ya kiwango kwa kisingizio cha kujaziwa. Bila sakafu hiyo, nadhani nyongeza ingekuwa inamwagwa kwenye pakacha. Hata ikiwepo, bosi ana njia yake: hashushi mshahara wa saa, anashusha idadi ya saa, au halipi njia. Ndiyo maana watu wakinijia na swali kwamba kipi bora, kupandisha kima cha chini au kuongeza nyongeza, naona ni kama kuuliza mguu upi bora wa kutembelea.

Nyumbani nako wana mjadala wao. Shangazi yangu Muheza alipoingizwa TASAF, kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, majirani ambao hawakuchaguliwa walisema sasa hatakwenda tena shamba. Alikwenda. Alikwenda na kwenye ajira za muda pia, kuchimba makinga maji mlimani na walengwa wenzake. Kile alichoacha ni kuuza mahindi mabichi shambani kwa bei ya kutupa miezi ya njaa, akasubiri yakauke. Nilipomsikia akieleza hivyo kwenye simu nilielewa kitu changu mwenyewe.

Nami hela ile ilinipa nafasi ya kusubiri. Niliacha usafi wa alfajiri. Kwa macho ya jedwali, hapo nililegea: mpokeaji amepunguza saa. Ile kozi ya maktaba niliyokuwa naipita mlangoni niliingia, nikafanya Kiingereza na hisabati za ngazi inayotakiwa, halafu cheti cha huduma za afya ngazi ya tatu. Mshauri wangu wa Jobcentre, ofisi ya serikali inayosimamia wanaopokea nyongeza, hakunisumbua sana, kwa kuwa mshahara wangu ulikuwa juu ya kile kiwango ambacho chini yake wanakufuata. Mei 2024 kiliwekwa pauni 892 kwa mwezi. Angenisumbua, nadhani angenisukuma nitafute saa nyingine za pauni 3.71.

Kwenye kampuni walinipa wadhifa wa kusimamia wenzangu, kwa nyongeza ya pauni 1 kwa saa. Nilikataa. Katika pauni ile ningebaki na peni 32, pamoja na simu za usiku za wafanyakazi wanaosema wanaumwa, asubuhi hawatakuja. Badala yake nikaomba nafasi ya kujifunza kazi ya usaidizi wa uuguzi hospitalini, kada ambayo England imesajiliwa rasmi tangu 2019 na ambayo unasomea miaka miwili huku unalipwa. Miezi ya mwanzo hela ya mkononi haikuongezeka kwa maana yoyote. Mshahara ulipanda, nyongeza ikashuka kuufuata. Nilijua ingekuwa hivyo. Sikuwa nahesabu pauni ya mwezi ule, nilikuwa nahesabu ngazi ya mishahara ambayo mtu anapanda bila kuongeza saa, na pensheni, na likizo ya ugonjwa yenye malipo.

Je, ningeweza kufika hapo bila nyongeza? Kijana wa Bungoma ana akili kuliko mimi na ana miaka kumi na kitu pungufu. Anataka kozi ile ile. Kila nikimuuliza ameomba lini, jibu ni lile nililokuwa natoa mimi mwaka 2017: wiki ijayo, shifti zikipungua. Hazipungui, kwa sababu zinamlipa. Na serikali imeshatangaza nia ya kurefusha miaka ya kungoja ukaazi wa kudumu, kwa hiyo ile siku ya kuulizwa kama anataka nyongeza inazidi kwenda mbele yake.

Nyongeza yangu sasa imekuwa ndogo, kuna miezi inakuja ya kununua kiroba cha mchele na mafuta. Sitaifunga mwenyewe mpaka ifungwe. Juzi huyo kijana amenitumia picha ya ratiba yake, saa 58, akiniomba nimwonyeshe Jumanne ipi anaweza kuikata aende kufanya mtihani wa hisabati bila kugusa hela ya karo ya watoto. Tumeipata moja, ya tarehe 14, ila itabidi afanye Jumapili mbili.